Vifuniko Vitatu Chini ya Mti

Karata hazifai Lodwar. Upepo wa huko haumngojei mtu achanganye. Ukizitandaza mkekani, malkia wa kopa anaishia kwenye miiba ya mathenge. Nililijua hilo mapema, nilipoanza kutumwa Turkana kufundisha vyama vya akiba na vikundi vya vijana. Kambi yetu ilikuwa Nawoitorong, ile nyumba ya wageni na mikutano nje kidogo ya mji, inayoendeshwa na kikundi cha wanawake. Kutoka hapo tulipanda gari la Probox hadi Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, kilomita kama 120 upande wa kaskazini-magharibi, tumebanana na magunia. Kazi niliyolipwa kuifanya ilikuwa madaftari, hesabu na riba. Mazingaombwe niliyachomeka baada ya chakula cha mchana, saa ile ambayo hata mwalimu mwenyewe anasinzia.

Ujuzi wangu ni mdogo. Niliupata Kitale kwa mjomba wangu, fundi cherehani, aliyeutumia kuwapoza wateja waliokuja kudai suruali ambazo hazijashonwa. Mteja anafoka, mjomba anamtoa sarafu sikioni. Hasira inashuka, suruali inaongezewa siku mbili. Wengine niliowaona wakiifanya kazi hiyo ni wale waliokuwa wakizunguka shule za msingi: mwalimu mkuu anatangaza gwarideni, kila mtoto analeta shilingi zake, na siku hiyo hesabu hazisomwi. Wao walikuwa na masanduku, vilemba na panga. Mjomba alikuwa na vitu vya mezani pake tu: sarafu, uzi, kibiriti, kitambaa. Nilipenda zaidi vya mjomba, kwa sababu kitu ambacho mtazamaji anacho nyumbani kwake hakimpi pa kusingizia. Akiona sanduku atasema sanduku lina mlango. Kwa kijiti cha kibiriti chake mwenyewe atasema nini?

Sarafu ya shilingi ishirini, ile ya 2018 yenye ndovu, inafaa sana kwa kuwa ni pana na inaonekana kwa mbali. Unaishika kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unakuja kuichukua: gumba linapita chini yake, vidole vinne vinaifunika kwa mbele. Papo hapo sarafu inaachiliwa, inadondokea kiganjani mwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unafumbwa na kuondoka na hewa tupu. Vidole vimemaliza, sasa ni zamu ya macho. Ukiutazama mkono wa kulia, watu wote wanautazama mkono wa kulia. Ukiutupia jicho ule wa kushoto, hata mara moja, mchezo umekwisha.

Mwaka 2006 mwanasaikolojia Gustav Kuhn na mwenzake Michael Land walichapisha utafiti uliofanyika Uingereza kuhusu jambo hilihili. Mwanamazingaombwe alirusha mpira juu mara mbili. Mara ya tatu akajifanya anarusha huku ameuficha mkononi. Alipoinua macho kana kwamba anaufuata, karibu theluthi mbili ya watazamaji walisema wameuona ukipaa. Macho yake yalipobaki mkononi, waliodanganyika walikuwa karibu theluthi moja. Na vifaa vya kufuatilia macho vilionyesha kwamba macho ya watazamaji yalikuwa yakipitia usoni mwa mrushaji kutafuta dalili, si kule juu walikodai kuuona mpira. Kumbe tunaona kile ambacho mwenzetu anaonekana kukiona.

Basi jaribu hilo Turkana. Kwanza, watu hawakai mbele yako, wanakuzunguka. Wazee wako kwenye vigoda vyao, ekicholong, chini ya mti. Akina mama wamekaa chini wamenyoosha miguu. Watoto wamechuchumaa nyuma yako, mahali ambapo kiganja chako cha kushoto kiko wazi kama duka. Walio mbele wanashangaa, walio nyuma wanacheka, na walio mbele wanataka kujua wenzao wanacheka nini. Mikono mirefu ya shati, ambayo watu hudhani ndiyo ghala la kila mwanamazingaombwe, haisaidii mtu katika joto linalopita digrii 35. Nilivaa mikono mifupi kama kila mtu. Hilo lilinifaa: hakuna aliyeniambia nikunje shati.

Pili, hata mbele kulikuwa na wavulana waliotoka malishoni ambao hawakushangaa. Mmoja aliunyooshea kidole mkono wangu wa kushoto bila kusema neno. Nilimuuliza baadaye aliona nini. Akasema sarafu hakuiona. Aliona mkono mmoja umelegea na mwingine umekaza, na mkono usio na kitu hauna sababu ya kukaza. Mtoto anayejua jioni kwamba zizi limepungukiwa kabla hajahesabu, kwa sababu tu yule mbuzi mwenye sikio lililochanwa hajapita, hangojei nimwonyeshe pa kutazama. Amelelewa kuangalia kundi zima.

Kwa hiyo nilipunguza viganja, nikaongeza michezo inayostahimili duara. Rababendi, kwa mfano. Unaivisha kidole cha shahada na cha kati. Unakunja ngumi, na katika kukunja unaivuta ili ncha za vidole vyote vinne ziingie ndani yake. Kwa nje bado inaonekana imezunguka viwili tu. Ukinyoosha vidole ghafla, inaruka yenyewe hadi kidole cha pete na cha mwisho. Ngumi ukiielekeza tumboni, walio nyuma wanaona mgongo wako na hawapati kitu. Au kijiti cha kibiriti: kitambaa kina upindo, na ndani ya upindo umeshaficha kijiti kingine kabla mtu yeyote hajafika. Unaweka kijiti cha mtazamaji katikati, unakunja kitambaa, unampa avunje mwenyewe. Anasikia kimevunjika, vidole vyake vimehisi kimevunjika. Amevunja kile cha upindoni. Ukikunjua, chake kinaanguka kizima. Mchezo huu akina mama waliupenda kuliko yote, kwa kuwa mvunjaji ni wao.

Lakini uliobadilisha mafunzo yangu Nawoitorong ulikuwa wa vifuniko vitatu vya chupa za maji na mavi ya mbuzi. Wasomaji walio mezani wanisamehe. Mavi ya mbuzi yaliyokauka ni mepesi, ni ya mviringo, hayana harufu, na Lodwar hayanunuliwi. Kifuniko kinafunika kidonge kimoja, mikono inazungusha, kidonge kinaonekana kule ambako hakikuwekwa. Watazamaji wanajua kipo kimoja, mchezaji anajua vipo viwili. Tofauti hiyo ndiyo mchezo mzima. Kile cha pili kimeshatangulia chini ya kifuniko wakati watu wangali wanakikodolea macho cha kwanza. Mchezo huu ni wa kale sana. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyeishi karne ya kwanza, aliutaja katika moja ya barua zake, na maoni yake yalikuwa kwamba ukishaonyeshwa unavyofanywa, hamu nayo inakwisha.

Nawoitorong hamu haikuisha, ndiyo kwanza ilianza. Mama mmoja muuza vikapu vya mkoma, aliyekuwa akisuka muda wote huo bila kuangalia kazi yake, hakucheka na wenzake. Alisubiri kelele zitulie, akasema:

“Mwalimu, huu ndio uliokula pesa zangu steji ya Kitale.”

Akasimulia. Alikuwa anasubiri gari la kurudi Lodwar. Kijana ameweka karata tatu juu ya boksi. Mwanamume mmoja amecheza mbele yake, ameshinda. Amecheza tena, ameshinda tena. Yule mwanamume akamnong'oneza kwamba karata ya ushindi ina kona iliyokunjika. Mama akaiona kona. Akaweka pesa za unga. Kona ilikuwa pale pale, karata siyo.

Pata potea kila Mkenya anaijua kwa jina, na bado steji hazikosi wateja. Mchezaji anashika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na unaamini anatupa ya chini kwa sababu ndiyo unayoiona. Anatupa ya juu. Kona iliyokunjwa inanyooshwa na nyingine kukunjwa kwa kidole kimoja, katika kule kutupa. Na yule aliyeshinda mbele yako ni mwenzao, asingekuwepo, usingesimama. Hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe. Vidole vinatosha kukupotezea karata, ila kukufanya uvue mkoba kunahitaji mtu wa tatu.

“Basi tufundishe,” mama akasema.

Wanamazingaombwe wa dunia wana mwiko: siri haitolewi. Mjomba naye alikuwa nao. Alinifunza mimi kwa sharti nisiwafunze wateja wake. Niliuvunja mwiko huo mchana ule, na sijajuta. Wasukaji wa vikapu wana vidole ambavyo mimi sina. Haukupita muda mrefu wakawa wananichezea mimi mwenyewe, na kilichonivutia hakikuwa wepesi wao bali swali walilonirudia nalo: mkono unafanya kazi yake saa ngapi? Tukaanza kuangaliana polepole. Tukagundua kwamba haufanyi kazi watu wanapokodoa macho. Unafanya kazi dakika inayofuata, watu wanapocheka, au ninapowauliza, “Haya, kiko wapi?” Anayejibu swali haangalii mkono. Swali ndilo pazia.

Tukalipeleka hilo kwenye daftari la chama, ambako ndiko nilikotakiwa kuwa tangu asubuhi. Ujumbe unaingia kwenye simu ukisema umepokea shilingi kadhaa. Mara simu inalia: mtu ametuma kimakosa, ana mgonjwa, anaomba umrudishie upesi. Kilio cha mgonjwa kiko katika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto, ambao hakuna anayeutazama, ni salio lako, ambalo halijaongezeka hata senti, na namba iliyotuma ujumbe, ambayo ni ya mtu binafsi. Au wale wa wash wash: wanakuja na sanduku la karatasi nyeusi, wanachomoa moja, wanaiosha kwa dawa mbele yako, inatoka noti halali, unaipeleka dukani, inakubaliwa. Ilikuwa noti halali tangu mwanzo, imepakwa rangi. Zilizobaki ni karatasi, na sasa dawa imekwisha na ni ghali. Ni mchezo ule ule wa kibiriti na upindo, ila hapa kitambaa ni cha tapeli na kijiti ni shamba lako.

Wale akina mama waliuelewa wizi wa simu kwa vifuniko vitatu haraka kuliko nilivyowahi kuufundisha kwa chati. Nadhani ni kwa sababu chati inakuambia usidanganyike, na hakuna mtu anayedhani yeye ni wa kudanganyika. Kifuniko kinakudanganya kwanza, mchana kweupe, mbele ya wenzako, bila kukugharimu kitu. Baada ya hapo unasikiliza.

Kuna mahali ambapo mchezo huu unataka adabu nyingine. Tulikuwa upande wa wenyeji karibu na Kakuma, katika ule ukame wa 2022, mvua zikiwa zimekosa msimu baada ya msimu na mizoga iko kando ya barabara. Niliitoa shilingi sikioni mwa mtoto. Mzee mmoja aliniita, akaniuliza jambo kwa Kiturkana, na kijana aliyenifasiria akasita kabla ya kusema:

“Anauliza kama mvua unaweza.”

Hakuwa akinidhihaki. Kwa Waturkana yupo emuron, mtu anayepewa habari katika ndoto, na wapo wanaotupa viatu chini na kusoma jinsi vilivyoangukia, kama wazee wanavyosoma matumbo ya mnyama aliyechinjwa. Hayo yana uzito wake, na watu wanayaendea wakiwa na shida ya kweli. Mgeni anayetoa pesa sikioni katika mwaka wa njaa anajiweka katika safu hiyo, apende asipende. Nikamjibu, “Hapana, mzee. Huu ni mchezo wa vidole,” nikafungua viganja vyote viwili nikamwonyesha njia ya sarafu, polepole. Akaichukua ile shilingi ishirini, akaigeuzageuza, akaitia kwenye kifuko chake cha tumbaku.

“Sasa imepotea kweli,” akasema. Walicheka mpaka mbuzi wakasogea.

Wapo waliopita Afrika wakiwa na ujanja kama huu na hawakufungua viganja. Joseph Thomson, Mskoti aliyevuka nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884, ameeleza mwenyewe katika kitabu chake cha 1885 jinsi alivyokuwa akitoa meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha, na kutia chumvi ya Eno majini yatoe povu, ili aaminiwe kuwa ni mganga mkuu wa Wazungu. Serikali ya Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1856 ilimpeleka Jean-Eugène Robert-Houdin Algeria, akawatie watu hofu kwamba miujiza ya Wafaransa ina nguvu kuliko ya mawalii wao. Alikuwa na kasha dogo ambalo mtoto angeweza kulinyanyua. Sumaku ya umeme ikiwashwa chini ya jukwaa, mwanamume mwenye nguvu anatoka jasho na kasha haliondoki. Hila ni ya kusifiwa. Matumizi yake siyasifu.

Nampenda zaidi Reginald Scot, Mwingereza wa kijijini ambaye mwaka 1584 alichapisha kitabu kinachoeleza waziwazi jinsi sarafu, karata na vipira vinavyochezwa. Alikuwa na sababu. Vikongwe walikuwa wakishtakiwa kwa uchawi na kuuawa, naye alitaka mahakimu waone ni mangapi ambayo kidole kinaweza kuyafanya bila jini. Tusiseme hayo ni ya zamani na ya Ulaya. Kisii, mwezi Mei 2008, watu 11 waliotuhumiwa uchawi walichomwa moto na wanakijiji wenzao.

Kakuma yenyewe, yaani kambini, ni ukumbi wa namna ya pekee. Kambi ilianza 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Makazi ya Kalobeyei yakaongezwa 2016. Sasa wanaishi huko zaidi ya watu laki mbili, Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengine. Katika darasa moja unaweza kukuta lugha nyingi kuliko madawati. Rababendi haihitaji mkalimani, na mtoto aliyeona mara mbili anamfundisha jirani yake kwa vidole tu.

Huko ndiko nilikogombana na mchezo mmoja maarufu. Unanyunyiza pilipili manga juu ya maji kwenye sahani, unachovya kidole chenye sabuni, pilipili inakimbilia ukingoni. Tangu ule mwaka wa korona kila mwalimu wa usafi anao, na anasema: hivi ndivyo sabuni inavyofukuza vidudu. Si hivyo. Sabuni inalegeza mvutano wa uso wa maji pale kidole kilipogusa, na maji ya pembeni yanayoendelea kuvuta yanaondoka na pilipili. Vidudu havikimbii. Sabuni inayavunja mafuta yanayovishikiza mkononi, na ni kusugua na kusuuza ndiko kunakoviondoa. Mtoto akiondoka anaamini vidudu vinaogopa sabuni, atachovya kidole na kwenda kula. Naendelea kuufanya mchezo huo kwa kuwa unapendeza mno, lakini naufanya kama mchezo, kisha nasema, “Sasa tunawe kweli.”

Na huko ndiko siasa yangu ya kutoa siri ilikopata mpinzani. Msichana wa Kikongo, wa darasa la saba hivi, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, aliuangalia mchezo wa kibiriti mpaka mwisho. Nilipoanza kukunjua upindo, akainua mkono.

“Usiniambie, mwalimu. Hapa kila kitu tunaelezwa. Foleni, kadi, kipimo cha unga. Hiki kiache.”

Wenzake walitaka siri. Yeye akatoka nje ya darasa, akangoja mlangoni hadi tulipomaliza, akarudi kukaa. Nilimwona bado anatabasamu. Seneca angemwelewa, na sasa mimi pia namwelewa, ingawa sikubadili msimamo wangu kuhusu matapeli wa steji. Tangu hapo nauliza kwanza nani anataka kujua, na asiyetaka anapewa nafasi ya kutoka.

Vifaa vyote vilivyotajwa humu havifikii bei ya soda moja, ukiacha ile shilingi ishirini. Jifunze rababendi leo jioni, umchezee mtoto wa jirani. Mwambie mapema kwamba ni mchezo wa vidole. Siri mpe akiiomba. Na siku ukifika steji ukakuta kijana ana karata tatu juu ya boksi, na mtu mbele yako ameshinda mara mbili, panda gari lako uende.